Kifuniko

Bi Fumie aliingia na theluji mabegani,
akafungua kitambaa mara nne, kama amenyaye kitunguu,
na ndani mlikuwa na lenzi. Ndogo kuliko chenza.
Milimita ishirini na nane, shaba iliyovikwa kromi,
kromi yenyewe imelika pale kidole cha mtu mmoja
kilipozungusha pete kwa miaka thelathini.

"Ina ukungu," akasema. "Ya marehemu."

Nikaiinua kwenye taa.
Ndani kuvu limetanda nyuzi nyuzi;
kiangazi cha Otaru kina unyevu, hakisamehe kabati.
Lakini kioo cha mbele, salaala!
Mkwaruzo juu ya mkwaruzo,
kama barafu ya uwanjani
watoto wakishaondoka na viatu vyao vya chuma.

Hakuwa na kifuniko?

Akaketi. Akaomba chai.

Chumba chao kilikuwa cha mikeka sita.
Lenzi nyingine ingemtaka mpigaji arudi nyuma,
na nyuma palikuwa na ukuta,
na nyuma ya ukuta, jirani mwenye kikohozi.
Hii ilimeza wote bila kusogezana:
shemeji, birika, kalenda ya duka la mchele,
hata vidole vya miguu vya Tokuji asipojihadhari.
Waliokaa pembeni tu ndio walionung'unika,
maana pembe za lenzi pana hunenepesha watu.

Usiku wa kuamkia safari ya Yaeko kwenda Brazili,
Tokuji alimaliza filamu nzima.

Kamera za namna ile hazichungulii kupitia lenzi.
Zina kidirisha chao kando,
na humo mtu mmoja huonekana wawili,
mwili na pepo wake.
Unazungusha pete taratibu
mpaka pepo amrudie mwenyewe,
ndipo ubonyeze.
Tokuji alimwona binti yake akiwa wawili
akamfanya mmoja, mara thelathini na sita.

Macho hayana pazia.
Lile lilikuwa nalo:
la bati, jeusi, upana wa sarafu,
na kidirishani hakuna kilichomnong'oneza.

Alisafisha filamu bafuni, meli ikiwa imeshang'oa nanga Kobe.
Ikatoka angavu mwanzo hadi mwisho,
ungeweza kusomea gazeti kupitia humo.

Barua ya kwanza kutoka Santos:
Baba, picha ziko wapi?
Akasingizia posta.
Mwaka uliofuata, posta.
Mwaka wa tano Yaeko hakuuliza tena,
akatuma picha za watoto wake
wakikunja nyuso kwa jua.

Kifuniko alikitosa mferejini siku ileile ya bafuni.
Tangu hapo lenzi ilikwenda uso wazi,
mvua, chumvi, masizi ya treni,
akiipangusa kwa pindo la shati.

"Na mimi," akasema Bi Fumie,
akizungusha kikombe kama anatafuta umbali,
"niliketi mkabala naye usiku ule.
Nilikiona kile cheusi.
Sote tulikiona.
Nikadhani ndivyo jicho lake lilivyo."

"Ulimwambia?"

Akanywa chai yote kwanza.
"Angejua kwamba nimejua."

Nikamwambia kuvu nitaliondoa,
mafuta kwenye visu vya tundu nitayafuta,
na mikwaruzo, kuna fundi Osaka anayesugua kioo kikawa kipya.
Akanitazama kama niliyependekeza kumpiga pasi uso.
"Kuvu tu."

Wiki tatu. Spana, pamba, pumzi kidogo.
Nikaijaribu dirishani:
mtaa wote ukaingia, kilima, nyaya, mbwa wa muuza makaa,
na palipopiga mwanga, mikwaruzo
ikauyeyusha kidogo, kama macho ya mtu
aliyetoka kulia au aliyetoka kulala.

Alipokuja kuichukua nikamwongezea kifuniko kipya,
bure, saizi yake hasa.
Akakipokea kwa mikono miwili, akainama,
akashukuru kama inavyopasa,
kisha akakisahau makusudi
juu ya kaunta.