Waya Mwekundu

Gereji ya Wieńczysław inanuka grisi na kabichi,
maana mkewe hupikia upande wa pili wa ukuta.
Alinipa pembe moja, Jumamosi mbili, kwa chupa na ahadi.
Nje, Łódź ilikuwa imelala chini ya theluji ya tope,
ile isiyojua bado kama ni maji.

Nikang'oa kiti cha nyuma cha Volvo.
Chini yake: sarafu tatu, kijiti cha lolipopu,
na soksi ya Kajetan, ya alipokuwa na miaka minne.
Soksi nikaitia mfukoni.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kijivu;
sasa ina rangi ya jino la mvuta sigara.
Ilikuwa yetu, mimi na dada yangu Bogna,
tangu siku baba alipoitoa mnadani
akamwapia mama kwamba ni ya kujifunzia hesabu.
Kaseti zake hadi leo haziamki bila kupulizwa,
fuu, fuu,
kama mtu na uji wa moto.

Gari lina volti kumi na mbili, mashine yataka tisa.
Katikati nikaweka kipunguza umeme, kidogo kama kiberiti.
Skrini nilimnunua nayo dereva wa teksi mstaafu,
na kamera yake, ya kutazamia nyuma anaporudi nyuma.
Kamera nilimrudishia. Mimi nyuma sikutaka kuona.

Nilipowasha mara ya kwanza, fyuzi ikasema ta!
Wieńczysław, miguu tu, chini ya Škoda ya mtu:
"Moshi mweupe usijali. Ukiwa mweusi, kimbia."

Kilomita karibu mia tatu, Jumapili moja hii, moja ile,
kutoka kwangu hadi kwa mama yake, Olsztyn,
na mtoto hutazama dirishani
kama aliyeajiriwa kuhesabu miti.
Nimejaribu redio. Nimejaribu vitendawili.
Nimejaribu kunyamaza kuliko yeye, akanishinda.

Jumapili hiyo tulipofika Mława nikasikia,
"Baba, huyu bata anaogelea hewani!"
Nikasema, mwache, ndivyo alivyo, ruka juu yake.
"Nimeruka!"
Sasa kuna ngazi, ukiipanda usishuke.
"Ulijuaje?"
Barabara yote iliyobaki nikawa najua.

Mbele ya lango la Dobrawa nikashika ufunguo.
"Usizime! Baba, usizime! Nimebakiza ngome moja!"
Maana mashine ile haina kumbukumbu:
umeme ukikatika, shujaa wako hajawahi kuzaliwa.
Basi nikaliacha gari lingurume, likifuka moshi
juu ya theluji safi ya watu.

Dobrawa akatoka, koti juu ya nguo ya kulalia,
kandambili miguuni.
"Unachoma petroli kwa nini?"
Nikamwambia, "Haikumbuki kitu. Nikizima, anaanza upya."
Akanitazama kitambo,
kana kwamba nimesema habari ya jambo jingine.
Kisha akafungua mlango wa nyuma,
akamsukuma mtoto kwa nyonga,
"Leta hiyo padi ya pili. Kitufe cha kuruka kipi?"

Dakika kumi na moja.
Kwenye kioo niliwaona kwa vipande:
kidevu cha buluu, paji la buluu, kicheko kisicho na mwenyewe.
Hakuna aliyeniambia neno, wala sikugeuka.
Ngome ikaanguka. Wakashuka.
Kajetan akagonga bodi mara mbili, kama anavyogongwa farasi.

Njia nzima ya kurudi skrini ilikuwa nyeusi,
nami nikawaza swali la Wieńczysław,
alipoinama na tochi kinywani, akinionyesha nyaya mbili:
wa manjano una umeme saa zote, hata gari likiwa limelala;
mwekundu hufa pamoja na ufunguo.
"Upi?" aliuliza. "Wa manjano ndio wa busara.
Mtoto atacheza hata ukizima."

Najua, nilimwambia.
Funga mwekundu.