Usikadirie

Kipande kilifika Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
ndani ya kopo la mfuniko mwekundu,
mvua ya Kisumu ikitwanga mabati ya stoo.
Fomu ilisema: utumbo mpana, upande wa kushoto,
mwanamume, miaka sitini na minane.
Sisi wa maabara hatuletewi nyuso, tunaletewa namba.
Ila aliyejaza fomu alikuwa na haraka,
akaandika na jina.

Elphas Lugalia Kidiga.

Mwalimu.

Darasa la sita, Chavakali, alimwaga mkebe wa maharagwe
juu ya meza yake iliyolegea mguu
akaniuliza: ngapi?
Nikasema, kama mia nne.
"Kama?" Akaukumbatia mkebe kana kwamba nimeutukana.
"'Kama' ni neno la wapita njia. Keti. Hesabu."
Wenzangu wakaenda kucheza, mimi nikahesabu
hadi kivuli cha mlingoti kikafika mlangoni.
Mia tatu sabini na moja, nikasema.
Akainama, akaokota moja, akaligonga mezani.
"Hili ni jiwe."

Leo nimemkata yeye.
Nimemgandisha kwenye nta, mikroni nne nne,
wembamba ambao ganda la kitunguu lingeuonea haya;
vipande vikaelea juu ya maji ya uvuguvugu,
nikavidaka kwa kioo.
Buluu kwa kila seli.
Kahawia kwa seli T peke yake.

Hadubini haina huruma wala chuki, ina mwanga tu.
Naona tezi zilizosahau umbo lake,
zimebanana, zimetoboka, zinausaka msuli.
Na pembeni, pale uvamizi unapokutana na nyama nzima,
zimejaa seli T, kahawia,
kama simsim iliyomwagika kizingitini.

Hizi zilisomea chini ya mfupa wa kifua,
shule kali kuliko yake:
katika mia zinazoingia, mbili tatu ndizo hutoka,
nyingine hufia humo humo,
hii kwa kutoona kitu,
ile kwa kuuona mwili wenyewe kuwa adui.
Ndiyo maana saratani huzitia kigugumizi.
Haiji na pasipoti ya ugenini.
Hutoa mkono: mimi wa hapa hapa, mtoto wa nyumba hii.
Na katika hilo haisemi uongo.

Pembeni, mia mbili na kumi na mbili.
Ndani, katikati ya uvimbe,
ambako zikiwa nyingi mgonjwa huelekea kuishi zaidi,
kumi na tisa.

Nikarudia. Kumi na tisa.

Kuna doa karibu na tezi ya mwisho.
Pengine ni seli, pengine ni rangi iliyoganda.
Kalamu ni nyepesi, na ishirini hutamkika vizuri.
Nikabadili lenzi, nikaongeza mwanga.
Halina kiini.
Ni jiwe, Mwalimu.

Na hizo kumi na tisa, rangi yangu hainiambii
ipi inafanya kazi na ipi imechoka,
imesimama na rungu mkononi, usingizi machoni.
Ila moja nimeiona imejipenyeza kati ya seli mbili mbovu,
imejifinya kiuno ipite.
Niliikodolea macho kuliko kazi inavyodai.
Sikuihesabu mara mbili.

Wodi yake iko ng'ambo ya ua, dirisha la tatu.
Kutamka matokeo ni kazi ya daktari, hilo nalijua.
Kesho nitavuka na uji kwenye thamosi
(maharagwe amekatazwa)
nimwambie ni mimi, Kageha, yule wa "kama".
Asiponikumbuka, nitaketi tu.
Ua umejaa maji. Mawe ya kukanyagia ni manane,
la tano limelegea.