Nukta Nane

Umeme umekatika Isevya tangu magharibi.
Simu ina asilimia kumi na tisa,
na mimi niko jikoni juu ya kigoda
natafuta kitu nilichokificha mwenyewe.

Lugembe, fundi wa karibu na stesheni,
aliniambia: Mama, kioo hiki hakina dawa,
nunua nyingine, ila kwanza toa maneno yako ya siri.
Nikamwuliza, yako wapi?
Akacheka. Yamo humo humo.
Ulibonyeza "hifadhi" ukasahau.
Yenyewe haikusahau.

Mipangilio. Chini. Chini zaidi.
Inadai kidole.
Kidole changu kimechambua tumbaku misimu ishirini na miwili,
gundi ya majani imekula michirizi yake.
Haikitambui. Cha shahada: haikitambui.
Nyumba yangu, giza langu,
na bado naulizwa mimi ni nani.
Nikaingiza tarakimu sita. Hizo ninazo.

Orodha ikafunguka: thelathini na moja.
Sikujua nina milango mingi hivyo,
mimi wa chumba na sebule.

Kila mstari nukta nane, nukta kumi,
na pembeni jicho dogo.
Ukiligusa jicho, nukta zinavua shuka.

Chama cha msingi: masumbuko2009.
Huyo alikuwa mume. Huo ulikuwa mwaka wa bati.
Yeye alipanda treni ya Mpanda, bati zikabaki,
na kila mwisho wa mwezi nimeliandika jina lake
ili nione kilo zangu na madaraja yake,
herufi tisa, bila kumwona mtu ndani yake.

Akaunti ya shule: nyanzobe1.
Nyanzobe yuko Geita, ana wanawe,
hana haja tena ya mimi kuchungulia alama za hesabu.

Duka la viatu ambavyo havikufika: nimesahau1.
Chini yake nimesahau2.
Chini yake, jamani, nimesahau3.
Nilicheka peke yangu hadi paka akatoka.

Halafu bima.
munguwee
Herufi ndogo tupu, hakuna namba.
Ule usiku wa Kitete, mama kwenye machela,
karani anasema jisajili kwanza,
na vidole vikaandika kilichokuwa mdomoni.

Simu imeweka alama nyekundu:
Nywila hii ni dhaifu.
Dhaifu!
Ilituvusha hadi alfajiri ya tatu.
Sasa wewe, uliyepasuka kwa kuanguka tu kutoka mezani,
unamwita nani dhaifu?

Asilimia kumi na moja.
Nikashika kazi.
Viatu, futa. Shule, futa.
Masumbuko, futa. Ikauliza: Una uhakika?
Swali jema. Mwaka ule hakuna aliyeniuliza.
Ya bima sikuigusa. Mwenyewe hayupo,
akaunti haina mtu, haina senti,
lakini acha ikae hapo na wekundu wake.

Ikabaki ya chama. Hiyo ina pesa, haitaki mzaha.
Simu ikajitolea kunitungia:
herufi kubwa, ndogo, alama ya mshangao,
kitu kinachofanana na jina la dawa ya kuku.
Nikaikatalia.

Nikatafuta mwenyewe.
Nikamkumbuka bibi huko Sikonge, akipaka nta mzinga mpya,
akisema neno moja la Kinyamwezi kuwaita nyuki,
neno ambalo sikuwahi kuliona limeandikwa popote.
Nikaliandika. Nikaongeza namba ya mzinga,
na alama moja ninayoijua mimi.
Siwaambii.

Hifadhi? ikauliza.

Kidole kikasimama hewani.
Mbali, treni ya Kigoma ilipiga honi kuingia stesheni,
na kabla sijajibu ndiyo wala hapana
kioo kikawa cheusi.

Nikalala nalo mdomoni,
nikilizungusha polepole
kama kipande cha sega ambacho hujakitemea nta.