Nusu Kidonge

Barua ya jimbo ilifika Jumanne, theluji
ikiwa bado imeganda kwenye mdomo wa sanduku la posta.
Mama aliibeba hadi jikoni kama anayebeba yai la mtu mwingine,
akaiweka kati ya mkate na chumvi, akasema: Soma.

Jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa, Deolinda Furtado,
bila herufi hata moja kupotea.
Hilo tu lilimtia shaka.

Miaka kumi na tisa ameshona mapazia ya hoteli
katika kiwanda cha matofali mekundu kando ya mto,
mapazia ya vyumba ambavyo hatalala kamwe,
na kiwanda kilimlipa kwa mita, si kwa mwili.
Sukari ilipompanda, alinunua vidonge kwa fedha taslimu
akavikata kwa kisu cha kumenyea viazi,
nusu leo, nusu kesho.
Vumbi jeupe lililobaki kwenye ubao
alilichota kwa kidole, akalamba.

Nikasoma: "Kuanzia tarehe mosi Julai,
kila mkazi wa Massachusetts aliyetimiza miaka kumi na minane
atapaswa kuwa na bima ya afya."
Atapaswa, akauliza, ndiyo kusema wanatoa au wanadai?
Niliitazama tena sentensi. Vyote viwili, nikamjibu.
Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea mizani ya dukani.

Ukurasa wa pili ulikuwa na jedwali:
mapato ya mwaka kushoto, mchango wa mwezi kulia.
Kidole changu kilishuka mstari kwa mstari hadi kumfikia.
Mchango: sifuri.
Nilirudia. Sifuri.
Aliomba aione kwa macho yake, akaigusa
kama agusavyo tundu la sindano kabla ya kupitisha uzi.

Wiki ile mtaa mzima ulikuwa na barua.
Norberto wa duka la mikate alikuta amevuka kiwango
kwa dola mia mbili na arobaini;
keki za Krismasi, alisema, ndizo zilizoniponza.
Alipe bima au alipe faini,
achague kiatu kipi kimbane.
Bi Kowalczyk wa ghorofa ya juu alipata miwani,
akagundua kwamba zulia lake ni la kijani.

Na mjomba Abílio, anayelala kwenye kochi letu
tangu viza yake ilipokwisha,
naye ana sukari ile ile, ya ukoo,
alijitafuta ukurasa wa tatu,
pale penye maneno madogo kama mbegu za ufuta.
Kumbe "mkazi" ni neno lenye mlango,
na mlangoni kuna mtu wa kuuliza.
Akarudi kutazama mpira. Timu yake ilikuwa inafungwa.

Septemba daktari alimpima mama miguu,
akamgusa kila kidole, akauliza: Ganzi hii tangu lini?
Mama alinitazama mimi kwanza,
kana kwamba swali lilikuwa na bei.
Mgonjwa haulizwi uji, wamesema;
yeye alikuwa amezoea kuulizwa mkoba.
Nikatafsiri: Miaka sita.
Daktari akaandika bila kuinua kichwa.
Nilitamani ainue.

Sasa kadi imekaa kwenye pochi, nyuma ya picha ya Bikira,
na chupa hujazwa kila mwezi, wala hakuna anayehesabu.
Ndivyo nilivyodhani.
Jana niliamka alfajiri nikamkuta jikoni
na ubao, na kisu kile kile.
Mama, nikamwambia, siku hizi unameza kizima.

Hakugeuka. Alikata katikati, pumzi ameibana
kama mshonaji anayefika mwisho wa pindo.
Nusu akaimeza na maji.
Nusu akaiviringisha katika kipande cha pazia,
akainama, akaitumbukiza
ndani ya kiatu cha Abílio, karibu na mlango.