Bei ya Dirisha

Nilifika Februari, theluji imepanda hadi vizingitini,
mkononi utepe wa kupimia na kalamu ya risasi.
Bi Leontine Thibodeau alinifungulia, hakunipa kiti.
"Pima," alisema. "Nyumba haijanenepa tangu mwaka jana."

Kweli haijanenepa. Vyumba viwili, sebule,
jiko la kuni linalokohoa,
paa alilolitia viraka marehemu mumewe, Armand.
Niliandika: duni. Niliandika: chakavu.
Kisha nikafika dirishani.

Mlima mzima ulikuwa pale,
umekaa kama mgeni asiyeaga,
jua la saa nane begani.
Na fomu yangu ina safu yake: Mandhari.
Huku New Hampshire hata kutazama kuna thamani.

"Mlima huo haulali hapa," alisema.
"Haujawahi kunipasulia gogo.
Mnanitoza kwa kuwa na macho?"

Ningemwambia kodi ni chungu cha shirika,
kila nyumba na kibaba chake:
cha huyu ni kengele ya shule,
cha yule ni mpira wa zimamoto,
na tajiri wa kule ziwani, anayekuja Julai tu,
hulipia hesabu za watoto asiowajua majina.
Nikayameza. Yalinuka ofisi.

Ni yeye aliyeshusha kijitabu cha mji juu ya friji,
akafunua ukurasa uliolainika kwa kidole:
Uondoaji wa theluji. Mishahara.
"Miaka thelathini na mmoja Armand aliendesha lile gari.
Kodi yetu ilitoka mlango huu kila Desemba
ikarudi Ijumaa kwa Ijumaa mfukoni mwa koti lake,
imepungua kidogo, inanuka dizeli."
Akacheka. Kisha hakucheka.
"Sasa inatoka tu."

Nje, gari lilipita, kijana wa kina Pruitt usukanini.
Alipofika langoni akaligeuza koleo la chuma upande wa pili,
asimzibie njia.
Tulisikiliza hadi mngurumo ukapotelea konani.

Nilipunguza nilichoruhusiwa: ya ujane, ya umri,
ya kibaraza kinachoinama.
Niliandika bei ya mlima, ndogo kuliko mlima.
Alitia sahihi kwamba nimefika, si kwamba amekubali.

"Rufaa ni kabla ya Machi mosi," nilimkumbusha.
"Ofisi iko wazi hadi saa kumi."

"Naijua," alisema, mkono kwenye kitasa.
"Armand ndiye aliyekuwa akisafisha njia ya kwenda huko."