Nukta Isiyochorwa

Barua ya wilaya ilipaita "eneo wazi".
Hekta elfu mbili mia nne na ushei,
kusini ya barabara ya Sikonge,
weupe mtupu kwenye karatasi
kama shuka aliyotandikiwa mgeni asifike.

Tulikuwa Lutufyo, mpima kutoka mjini,
na kidude chake kinachosemezana na setilaiti,
na mimi, karani, penseli mbili na daftari.
Kazi yangu kuuliza: hapa panaitwaje?

Ramani ya kwanza ilichorwa chini,
uwanjani pa ghala la tumbaku.
Majivu yakawa mto,
punje za mahindi zikawa kaya,
maganda ya karanga, mizinga ya nyuki.
Kuku akala kaya tatu.
Tukacheka, tukazirudisha.
Kisha Ng'wandu, mwenye ng'ombe,
akaburuta fimbo kutoka lamboni hadi mbugani,
ikapita katikati ya maganda,
na kicheko kikakoma.

Siku saba tulitembea.
Kila mita mia mbili kidude kinalia,
Lutufyo anataja, nami naandika:
mninga, kifuani sentimita arobaini;
mtundu, umechunwa gome upande mmoja, umepona;
kisiki; kisiki;
kisiki, bado kinavuja utomvu mwekundu.
"Andika mninga," akasema Mihambo, mshika futikamba.
"Kisiki nacho kina jina."

Kumbe eneo wazi limejaa.
Panaitwa Walipolala Nyuki.
Panaitwa Uyoga wa Mvua ya Pili.
Panaitwa Alipojifungulia Mbula,
akitoka kuchimba udongo wa vyungu, peke yake, jua la saa nane,
na mtoto mwenyewe ndiye huyu Mihambo,
anavuta futikamba juu ya mahali pale
bila kupunguza mwendo.

Jedwali la ofisi lina safu nne:
miti, maji, malisho, mengineyo.
Sijapata kuona mengineyo mengi kiasi hicho.
Niliandika pembezoni, nikaligeuza daftari,
nikaandika kwa kupinda.

Siku ya saba Kalunde, mfinyanzi, alitutangulia.
Hakusema twendako.
Nyuma ya mkola, kwenye korongo, akainua jiwe.
Maji.
Si mengi: kata moja, subiri, kata ya pili.
Mwezi wa kumi visima vyote vikigoma
hapa hapajawahi kusema hapana.

Lutufyo akainua kidude. Kikalia.
Kalunde akauliza, wala si kwa ukali:
"Ukishaandika, nani atasoma?"

Nikawaza kabati la ofisi lisilo kufuli,
wakata mbao na kibali chao cha juzi,
pampu, mpira mrefu wa mtu asiye na jina.
Nikawaza na upande wa pili:
kisipoandikwa, siku trekta likija
watasema hapakuwa na kitu.
Penseli yangu ikabaki hewani.
Lutufyo akatazama mbingu muda mrefu
kama dereva anayesubiri kupishwa,
kisha akakizima.

Ramani imerudi. Imetundikwa ofisi ya kijiji.
Kijani ya msitu, njano ya malisho;
njia ya Ng'wandu imeizunguka mizinga
baada ya vikao vinne na mbuzi mmoja wa faini.
Walipolala Nyuki pameandikwa kwa herufi kama chawa,
lakini pameandikwa.
Na kule kusini kumebaki weupe,
kiasi cha ukucha.
Wageni hudhani wino uliisha.

Kalunde akija kulipa ushuru wa vyungu
hupapitishia macho, mara moja, haraka,
kama anayehesabu wanawe usiku
bila kuwasha taa.