Kiungo, si Nakala

Miezi minne tulinakili.
Faili la hesabu za ndoo, alilolisuka Sechelela,
nikalinakili kwenye mradi wa risiti,
Ndahani akalinakili kwenye mradi wa madeni,
na kila lilikofika likaota tabia za mwenyeji.
Kwangu ndoo tatu zilikuwa shilingi mia na hamsini.
Kwa Ndahani, mia na arobaini na tisa.
Pale kioski cha maji, Nzuguni,
mama mmoja akasimama na karatasi mbili mkononi,
akauliza ile shilingi imekunywa maji ya nani.

Usiku ule upepo wa Agosti ulikuwa unapekua mabati,
vumbi likijipenyeza kwenye kibodi, hasa chini ya M na A.
Nikafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe,
kishale kinapepesa, kinangoja kusemeshwa.
Nikaandika: unganisha.
Kisha njia: toka hapa, panda ngazi moja,
ingia nyumba ya mita.
Enta.

Kimya.
Amri ikitii haisemi kitu;
kelele ni za makosa.

Nikachungulia. Pale lilipokuwa faili langu
pamebaki mshale mwembamba
unaoelekeza kwa jirani.
Sina tena hesabu yangu, nina njia ya kuiendea.
Sechelela akirekebisha kule, kwangu kumerekebishika.
Akikosea, tumekosea sote,
na hapo niliogopa kidogo.

Jumatatu miradi yote miwili ikavunjika.
Mistari myekundu: haipo, haipo, haipo.
Mshale ulikuwepo, mzima, umenyooka,
ukisonta kiwanja kitupu.

Nikampigia. Yuko Mpwapwa, msibani kwa shangazi yake,
nyuma yake sufuria zinagongana.
Mbukwenyi, nikasema, na pole sana,
halafu, kwa aibu: folda ya mita umeipeleka wapi?
Akacheka kwa pua, cheko la mtu aliyelia.
"Haijahama. Ijumaa, kabla ya basi, niliibadilisha jina.
Nimeiita Nyemo.
Ndiye aliyekuwa akihesabu ndoo zetu kwa kokoto
kisimani, asipunjwe mtu."

Nikafuta mishale, nikachora mingine.
Herufi tano.
Nzuguni ikatoka risiti ya kwanza: ndoo tatu,
mia na hamsini,
na Ndahani, mezani kwake, chai mkononi,
hajagusa kitu,
akapata hiyohiyo.